Togwa Kabla ya Kipimo cha Sukari

Naikumbuka siku mzee wangu alipokwenda kupima sukari, maana ndiyo siku niliyojiona mjane kabla ya wakati. Tulikuwa tumemaliza kuvuna mpunga hapa Majimoto. Suruali zake zote zilikuwa zimeshapelekwa kwa fundi kutanuliwa kiuno, nami nilipita sokoni kwa maringo. Huku kwetu, mwanangu, mume akiwa na tumbo bapa anayechekwa ni mkewe. Usijifanye hujui, juzi nimekusikia ukimsifia mumeo kitambi.

Lakini alikuwa anachoka hovyo, na kaka yake alikuwa ameshakatwa mguu kwa kisukari. Muuguzi wa kituo cha afya akamwambia aje asubuhi bila kula chochote tangu usiku. Nikatii kwa akili zangu. Chai sikumpa, kiporo sikumpa. Ila nimwache mume apande pikipiki na tumbo tupu? Nikamjazia kikombe kikubwa cha togwa. Kwetu togwa si chakula, ni kinywaji tu, na yangu ilikuwa imekolea utamu.

Tulipofika kituoni akaulizwa kama amekula. Akasema hapana, na moyoni hakudanganya. Muuguzi akamtoboa kidole, akatazama mashine, akakunja uso.

"Baba, hii iko juu sana. Nenda hospitali Mpanda wakupime vizuri."

Tulirudi nyumbani kama watu waliotoka kuzika. Jioni ile akamchukua mdogo wake akamwonyeshe mipaka ya majaruba yetu ya mpunga. Mimi nikabaki jikoni nalia. Mama mkwe wangu, mzee sana wakati huo lakini hakuna kilichompita, akanifuata.

"Mkwe, asubuhi ulimpa nini mwanangu?"

"Sijampa kitu, mama. Togwa tu."

"Togwa tu! Na utamu wote ule ulidhani umeenda wapi? Nyie mkiambiwa kitu na wataalamu lazima muongeze cha kwenu. Acheni kumzika mtu mzima. Mpeleke Mpanda, na hiyo togwa unywe wewe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tukaenda Mpanda, tukalala kwa dada yangu, na nikamlinda asionje hata muwa. Asubuhi hospitalini wakampima sukari, mafuta ya damu na presha, wakamzungushia na utepe kiunoni. Wakachukua pia damu ya kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita, ambacho hakijali leo umekunywa nini.

Daktari, binti mpole, akatuita. Sukari imepita kawaida kidogo, mafuta yamezidi, presha imeanza kupanda, na tumbo ni kubwa mno. "Bado siyo kisukari, baba. Ila uko njiani. Ukilipunguza hilo tumbo, unaweza kurudi nyuma."

Mwanangu, nilifurahi mpaka nikakaa chini palepale. Mzee wangu akacheka kwa sauti, halafu akaomba simu ampigie mdogo wake asije akaanza kulima.

Basi nisikilize. Chukua kamba, mpime mumeo kutoka utosini hadi kisiginoni. Ikunje katikati, umzungushie tumboni usawa wa kitovu. Isipokutana, msingoje kuumwa, nendeni mkapime. Nawe jipime, kitambi hakichagui mume wala mke. Mkiambiwa msile, basi togwa, maziwa na soda vyote ni chakula, mnywe maji matupu. Na jibu likitisha, ulizeni kama kipimo kinarudiwa kabla hamjagawa mashamba. Mlima wa wali uupunguze, mboga uziongeze, mtembee kwa miguu kwenda shambani. Kumpenda mume si kumjaza.

Mungu awafikishe uzeeni wote wawili, mkiwa na miguu yenu. Wangu huyo nje, ananifokea kwamba nimeficha sukari ya chai. Ni kweli nimeificha, na sichoki kumsikia akifoka.