Kuku Asiye na Firigisi

Wiki jana niliteremka Kitale, natoka kuchimba mitaro Lodwar, nikamkuta mwanamke kando ya stegi ya matatu anakaanga firigisi tupu na watu wamepanga foleni. Nilicheka peke yangu. Rafiki yangu, ungekijua kisa cha nyumba yetu, ungecheka pia, kisha uteme mate.

Kitale nilikokulia ilirithi nyua za michongoma na bustani za Wazungu, ikadhani imerithi na Uzungu wenyewe. Matope yalifika magotini, malori ya mahindi yalinguruma kutwa, lakini mama alikunywa chai kidole kikiwa kimenyooka. Watu wa Misikhu, alikozaliwa, aliwaita washamba. Mimi nilipenda huko, kwa nyanya: moshi wa kuni, mboga ya mrenda iliyopikwa kwa munyu, ile chumvi ya majivu, jiwe likisaga wimbi alfajiri. Nyanya alisema watu wa taoni wanakula vitu bila kujua vilikufaje.

Basi mama mdogo, kitinda mimba wa nyanya, akapata mchumba wa Bumula. Babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mama akaamua wakwe wapokelewe kwetu, waone makochi na geti. Nyanya akaja na majogoo wawili. Mama hakutaka manyoya wala damu kwenye nyasi zake. Akawafunga nyuma ya choo, akaenda kununua kuku wa dukani, weupe kama sabuni, waliokwisha kusafishwa.

Kwetu mkwe huletewa kuku mzima, firigisi ikiwa juu, ya mzee anayeongoza. Ikikosekana, maana yake kuna mtu mliyemheshimu kabla yake. Mama alilijua hilo tangu utotoni. Kitale ilikuwa imemsahaulisha.

Mama mdogo alikaa chumbani na kitenge kipya, akingoja kuitwa atambulishwe baada ya chakula. Mzee aliyeongoza wageni wa Bumula akafunua bakuli. Akageuza kipande kwa kijiko, akageuza kingine. Akauliza, kwa upole, "Mama, huyu kuku alikuwa anatembea kweli?"

Mama akasema ni nyama safi, imetoka kwa friji.

"Ya friji ni ya wagonjwa. Sasa firigisi yetu alipewa nani?"

Hapo jogoo wa nyanya akawika nyuma ya choo. Mwenzake akamjibu. Wazee wakatazamana. Nyanya akajifunika uso kwa leso.

"Kumbe kuku wapo," mzee akasema, akafunika bakuli.

Wakanawa mikono bila kula, wakashukuru kwa chai, wakasema mvua inakuja. Mbingu ilikuwa kavu. Mama aliwasindikiza hadi getini akitabasamu, na walipopotea akasema, "Washamba hao, bana. Ati wanaringia utumbo."

Hakuna aliyemwita mama mdogo. Alitoka mwenyewe giza lilipoingia, akakusanya masahani, akaosha. Alirudi Misikhu na nyanya kesho yake, na huko ndiko alikozeekea, analima vitunguu, hajaolewa.

Katika safari hii niliendelea hadi Bumula juzi, kwa harusi ya mtu nisiyemjua. Njaa haina haya. Kuku walikuja kwa maboksi kutoka hoteli ya Kitale, mapaja matupu. Nilitazama wazee wakila. Hakuna aliyetafuta kitu. Walilamba vidole, wakaomba soda.

Siku hizi mama mdogo angeolewa bila shida yoyote.