Kwenda Annexe Kumsikiliza Bundi wa Kaku

Ijumaa mchana nilifunika cherehani yangu kule mtaa wa Kamalondo kwa sababu bibi yangu alitaka kuhama. Sisi tunamwita Kaku. Tangu babu afariki anaishi Annexe, ukingoni mwa mji, kwa dada yangu mkubwa, Yaya Godé, na siku hizo bundi alikuwa akilia kila jioni nyuma ya nyumba. Mtoto wa jirani akashikwa na homa, watu wakaanza kunong'ona kwamba bundi huyo ni wa Kaku, na lisemwalo lipo. Kaku akatangaza kuwa atapanda treni arudi Mbujimayi, ambako hakuna tena anayemjua, ili wajukuu zake wasiitwe watoto wa mchawi.

Mimi nawapenda bundi, sifichi. Umeme ukikatika na mashine zikanyamaza, huwa nawasikia hata pale mtaani, na mteja wangu mmoja, mwalimu, hunitumia sauti zao kwa simu nizilinganishe. Mafundi wenzangu wananiita mchumba wa bundi.

Mjini nilibadilisha teksi, nikanunua mkate. Lami ilipoisha nilipanda pikipiki, tukala vumbi jekundu mpaka menoni. Dereva aliniuliza naenda kufanya nini. Nilipomwambia nakwenda kumsikiliza bundi, akanishusha mbali na lango la Yaya.

Kaku alinipokea kwa kunilaumu nimekonda. Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo uani, karibu na jiko la mbabula lenye makaa, na Yaya Godé aliweka bakuli la chumvi pembeni. Bundi akilia, chumvi hutupwa motoni ili ulimi wake uungue. Ndivyo tulivyolelewa.

Jua lilipozama tu, kitu kikatoa mlio mfupi, kikanyamaza, kikarudia. Yaya akachota chumvi. Nikamshika mkono, nikamweleza kuwa huyo ni bundi mdogo sana, saizi ya ngumi, anawinda panzi na nyenje. Baadaye ukelele ukapita juu ya mahindi kama kitambaa kinachochanwa. Huyo ni babewatoto, bundi mwenye uso mweupe, nikasema, anakula panya wanaokula mahindi yenu. Yaya akacheka kidogo, lakini chumvi hakuirudisha.

Kisha akaja yule mwenyewe aliyewatisha. Sauti nzito kutoka mtini, halafu nyingine, nyembamba, ikijibu. Kaku alishika sketi yangu.

"Unasikia? Moja iko naita, ya pili iko naitika. Bundi akiitikiwa, jina ya muntu imekubaliwa kule kwa kaburi."

"Kaku, beko bwana na bibi. Ya sauti ya chini njo bwana. Beko naulizana tu: uko wapi? Niko hapa."

Kaku aliiachia sketi yangu. Halafu akauliza kama wanaishi pamoja muda mrefu. Nikamjibu kuwa nimeambiwa wanakaa wawili mwaka hadi mwaka.

"Na bwana akikufa?"

Sikujua, nikamwambia sijui. Aliingia ndani bila kuniaga, nami nikajilaumu kwamba nimeharibu kila kitu.

Jumamosi Yaya Godé alikwenda kumwona jirani. Mtoto alikuwa amepewa dawa ya malaria na anacheza. Jioni mama yake alikuja, akakaa mkeka mmoja na Kaku, akijifunika mdomo kwa kitenge kila bundi alipolia. Nikawafundisha yupi ni yupi. Walipokosea walibishana, na Kaku ndiye aliyebisha zaidi. Kuhusu safari yake, hata hivyo, hakusema kitu.

Jumapili baada ya kanisa alinisindikiza mpaka barabarani, mkono wake ndani ya mkono wangu. Niliona aibu kumuuliza. Njiani nikafikiri kuwa nilikwenda kumtoa hofu ya ndege, kumbe ndege hakuwa shida yake kubwa. Shida ni nyumba ambayo hakuna tena anayekuitikia. Hilo simu ya mwalimu haikunifundisha.

Jumatatu jioni Yaya alinipigia, akampa Kaku simu. Nikajikaza, nikamuuliza treni ni lini.

"Treni gani? Leo bibi ya bundi ameita, ameita, bwana yake hajaitika. Nikamuhurumia, mutoto. Njo nikamuitikia miye."