Chumvi ya Mchinjaji

Kalamu inaniumiza vidole, na bado munanisumbua niandike habari za mchinjaji wa Sange. Haya basi. Mikono ya mwanaume yule haichelewi: kabla mabasi ya Bukavu hayajapita, mbuzi watatu wamekwisha kuning'inia kwenye ndoano, naye anapiga mluzi wa nyimbo za kanisa. Lakini nyuma ya nyumba iko mbuzi jike mmoja, mzee, macho yamefunikwa na utando, miguu ya nyuma imekufa. Huyo anamubeba kila asubuhi mpaka kwenye jua, anamufunika kitenge, anamuita Mama. "Papa, utamuchinja lini?" jirani yake Generose anamuchokoza. "Ao unangojea akuzike weye?" "Siku atakataa chumvi mkononi mwangu," anajibu. "Siku ile ile. Nimeapa."

Juma lililopita Generose alichungulia kwenye matete ya ua. Kiganja cha mchinjaji chenye chumvi kilikaa mbele ya mdomo wa mbuzi muda mrefu. Mbuzi akageuza kichwa. Mchinjaji akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama, akailamba chumvi yote mwenyewe. Halafu akasimama, akapaza sauti barabara nzima isikie: "Amelamba!" "Tumesikia, Papa," Generose akajibu. Tangu siku ile kila asubuhi mbuzi amelamba, na mchinjaji anakunywa maji kama ng'ombe wa Luberizi. Weye unayesoma, mimi nimemaliza kazi yangu. Ukipita Sange umupelekee kidumu cha maji, na usimuulize kiu imetoka wapi.