Jino Lililorudi Zima

Fundi wa meno ya bandia hulichonga jino la zirkonia, unga mweupe ulioshindiliwa, likiwa laini kama chaki, tena kubwa kuliko nafasi yake, maana tanuri hulipunguza hadi liwe gumu kama jiwe. Likipoa huligonga kwa kibano na kutega sikio: lenye ufa hutoa sauti butu, zima hulia kama kikombe cha kaure. Wenzake humtania, "Unambishia nani hodi?" Naye hucheka, kisha hugonga lingine. Leo karudishiwa jino alilomtengenezea mkewe, likiwa na nguzo yake ya chuma iliyokuwa imepandwa tayani. Daktari aliyeling'oa alimvuta kando: "Jino halina kosa, fundi. Ugonjwa umekula mfupa wa taya; hapana tena pa kulipanda." Kaliosha, kaligonga. Likalia. Kaligonga kwa nguvu, kama anayeliomba lipasuke. Likalia vilevile. Mkewe, kitambaa mdomoni, alikuwa akimsubiri kando ya meza yake ya kazi.

"Limevunjika, baba watoto?"

"Halijavunjika."

"Alhamdulillahi. Kazi yako naijua mimi. Basi lirudishe, nimechoka kula uji."

Fundi akainamisha kichwa, akaligonga tena, kama abishaye hodi kwenye nyumba iliyokwisha bomolewa.