Nilikata Sauti ya Mtoto Kwenye Mkanda wa Baba

Kosa ni langu, na sitafuti mtu wa kunisaidia kulibeba. Nimesoma hadi chuo kikuu, nahoji kila kitu. Siku ile sikujihoji mwenyewe.

Baba alipougua, kwetu milimani Mbeya, nilimwazimia kinasa sauti cha mikanda ya rili aseme wosia wake. Nikakiwasha, nikatoka kupiga soga barabarani. Akaongea peke yake.

Kwa mila yetu Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani wala hawatajani majina. Shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka yangu, alimuuguza baba kwa muda wote ule akiwa nyuma ya ukuta. Mila hiyo mimi niliiita upuuzi.

Baba alipofariki, nikaupeleka mkanda Ipogolo, Iringa, kwa rafiki mwenye redio kaseti nzuri, niuhamishie kwenye kaseti ili kila ndugu apate nakala. Lakini ukinakili, mvumo huongezeka na sauti hufifia. Nikataka ubora usipotee. Nikachukua wembe, nikakata kwenye mkanda wenyewe kila nilichokiona takataka: kikohozi, kuku, kinu, mtoto anayepayuka. Nikaunganisha kwa utepe wa gundi. Vipande nikavichoma moto. Jamani, nilijiona fundi! Baba alisikika kama mtangazaji.

Kwenye kikao cha ukoo tukasikiliza. Baba akasema, "Migomba ya mtoni ni ya huyo anayetwanga." Kisha akaendelea na habari za ng'ombe.

Kaka mkubwa akasema wanawake wote hutwanga, hata mke wake, ingawa ugali wake haumeziki. Watu wakacheka.

Hapo nikakumbuka nilichokikata. Kwenye mkanda, baada ya maneno yale, kinu kilikuwa kimenyamaza, na mtoto wa shemeji akasema, "Mama, babu anakusema wewe." Kisha kinu kikapigwa mara moja, kama mtu anayeitikia. Nikasimama, nikawaeleza yote.

"Ulisikia, ukakata?" kaka akauliza. "Msomi, si wewe unayetuambia tusiamini neno lisilo na ushahidi? Au unamtaka mjane?"

Shemeji aliposema ni yeye aliyekuwa akitwanga, akaambiwa anajitafutia mali. Mtoto wakasema amefundishwa. Migomba akapewa kaka.

Shemeji hakulia. Aliniuliza tu, "Shemeji, sauti ya mwanangu ilikukera nini?"

Sasa anavuna mpunga wa watu huko Usangu. Mimi naenda kazini Uyole, narudi, nalala. Sisikii uchungu wala nafuu.

Ndugu zangu, mkiwa na mkanda wa mzee wenu, unakilini wote kwanza, na makelele yake yote. Kabla hujaamua lipi ni takataka, waulize waliokuwa ndani ya nyumba, na yule wa nyuma ya ukuta pia. Na kama umeshakata, usichome vipande! Wapelekee wenye sauti hizo mapema, kabla ukoo haujaketi.