Mtoto Katika Wodi ya Wakubwa

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa hakuna sketi ya shule iliyotoka kwenye cherehani yake ikafumuka. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye. Alikuwa na binti wa marehemu kaka yake, mwenye miaka kumi na miwili, na huyo ndiye mboni ya jicho lake.

Siku binti alipokutwa juu ya tangi la maji shuleni, akisema kuna sauti inamwamuru aruke, Mama Pindo alimkimbiza hospitali, futi ya kupimia bado i shingoni.

"Alazwe," daktari alisema. "Ila wodi ya watoto haipokei maradhi ya akili. Tutamweka kwa wanawake."

"Kwa watu wazima, daktari? Huyu bado anaruka kamba!"

"Ndiyo hali yetu, mama."

Jamaa hawakuruhusiwa kulala wodini. Binti aling'ang'ania gauni la shangazi yake. "Shangazi, usiniache humu." Mama Pindo akambandua vidole kimoja kimoja, akaondoka. Asubuhi alimkuta amejikunja chini ya kitanda, nywele zimenyofolewa upande mmoja. Mgonjwa mwenzake alikuwa amempiga. Tangu hapo binti hakumsemesha tena shangazi yake.

Mama Pindo akawa habanduki mlangoni kwa mganga mkuu wa hospitali, yeye na wazazi wengine wenye kilio hichohicho. Mganga akimfukuza, humjibu, "Nimekuja kukupima suruali, mkubwa. Hiyo inakubana." Bandu bandu huisha gogo: stoo ya zamani ikapakwa rangi, ikatiwa vitanda vinane, akaletwa daktari wa akili wa watoto. Binti akahamishiwa huko. Akaanza kula, kulala, hata kutaniana na nesi. Lakini shangazi akiingia, aligeukia ukuta.

"Mpe muda," nesi alisema.

"Muda ninao. Moyo ndio unaoisha."

Siku moja, saa ya kutazama wagonjwa ikikaribia kwisha, Mama Pindo akiwa kando ya kitanda, mama mmoja aliingia amemshika msichana anayetetemeka. Nesi akatupa jicho vitandani, vyote vimejaa. "Pole, mama. Kwa sasa itabidi aende kwa wanawake."

Binti akajisogeza pembeni, akapigapiga shuka palipobaki nafasi. Nesi akatikisa kichwa. Msichana akaongozwa nje akilia.

"Shangazi," binti akasema. "Mfuate."

Mama Pindo akatoka mbio. Alifika mlango wa wodi ya wanawake umeshafungwa. Msichana yu ndani. Mama yake amebaki nje, viganja kwenye mbao. Mama Pindo akaketi sakafuni karibu naye. Walimsikia mtoto akiita, na hakuna aliyewafungulia.