Firigisi ya Kukhu Nabwire

Nyanya yangu, Kukhu Nabwire, hakuwahi kula firigisi ya kuku maishani mwake, na kwa sababu hiyo alituhangaisha sisi na majirani wote wa mtaa wetu wa Mashimoni kwa miaka saba.

Alikuja Kibera kutoka Nambale mwaka wa 1989, mama yetu alipofariki, akanikuta mimi na mdogo wangu Mourine tukigombania blanketi moja. Alisema anakaa wiki mbili. Alileta sanduku, Biblia na sheria zote za kwao, hakusahau hata moja. Kubwa kuliko zote ilihusu firigisi, au imondo kama tunavyoiita: hiyo ni ya mwenye nyumba, na anayeila ndiye mwenye kauli ya mwisho. Mwenye nyumba, bila shaka, ni mwanamume.

Sasa nyumba yetu ilikuwa na wanawake watatu na paka. Mtu mwingine angeikata vipande vitatu, yakaisha. Kukhu aliazima mwanamume.

Kuku mwenyewe alitoka mbali. Jumamosi Kukhu alitembea kwa miguu mpaka Kawangware kwa Wangoi, muuza kuku, kwa kuwa aliamini kuku wa Kibera wamelelewa kwa makaratasi ya nailoni. Huko alimshika kila mmoja, akampuliza manyoya ya nyuma kuona mafuta, akauliza habari za mama yake.

"Shosho, huyu unataka kumla ama kumuoza?" Wangoi alimuuliza siku moja.

Kukhu alimjibu kwamba yote mawili hayataki haraka.

Jumapili, sufuria ikishaanza kunukia, nilitumwa nje kutafuta mwanamume. Wa kwanza alikuwa Muia, fundi wa viatu, kapera aliyekaa mlango wa tatu. Mkamba wa watu hakujua mila zetu. Kusikia ameitwa kula, akaoga, akavaa shati la kanisani, akaja na kipande cha sabuni kama zawadi. Nadhani alifikiri Kukhu amempenda. Kukhu akamwekea firigisi peke yake kwenye sahani, akaketi mbele yake mpaka akameza, akamshukuru, akamfungulia mlango.

"Ni hiyo tu?" Muia akaniuliza huko nje.

"Ni hiyo tu."

Hata hivyo alikuja kila alipoitwa. Sabuni hakuleta tena.

Nilipokuwa mdogo nilicheka. Nilipofika miaka kumi na tisa nilikuwa nasuka watu nywele kwa malipo mtaani Ayany, kodi nalipa mimi, unga nanunua mimi, na firigisi bado inaliwa na fundi wa viatu. Siku moja uvumilivu ukaniisha.

"Kukhu, kwani mwenye hii nyumba ni nani? Si ni mimi?"

"Wewe kula shingo," akasema.

Mwaka huo, 1996, miguu yake ikaanza kuvimba. Habari zikafika Nambale, na mwanawe Boaz, mjomba wetu, akaja kumchukua. Mjomba si mtu mbaya. Ni mtu tu ambaye akiingia nyumbani hutafuta kiti kabla ya kusalimia. Alisema wataondoka kesho asubuhi, kisha akauliza chakula kiko wapi.

Kukhu aliniita nyuma ya nyumba tukanyonyoe kuku. "Sitaki kwenda, Bridgit," akaniambia, macho yakiwa kwenye manyoya. "Mourine hajamaliza shule. Lakini kijana yangu akishasema, mimi nitasema nini?"

Siku hiyo hatukuhitaji kumwita Muia. Mwanamume wa haki alikuwa ameketi ndani, ameshanawa mikono. Akila imondo na kusema twende, basi ni twende. Nilipika nikilia, nikamwambia Mourine ni kitunguu.

Tukaketi. Kukhu akapakua mwenyewe. Akachota firigisi, kijiko kikapita sahani ya mjomba, kikashukia yangu. Mourine akaacha kutafuna.

"Mama, umekosea sahani," mjomba akasema.

"Macho yangu ni mazima. Wewe Boaz uko na nyumba yako Nambale, na imondo ya huko ni yako. Hii nyumba ni ya huyu. Hiyo maneno ya kunipeleka, uliza yeye."

Niliitia mdomoni. Ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu, na hapo nikamhurumia Muia. Mjomba ananitazama, Mourine ananitazama, nami siwezi kujibu kwa kuwa natafuna. Kukhu alikuwa ameshika pindo la leso yake kwa mikono miwili, na nikaona kwamba anaogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa. Nikaimeza ilivyo.

"Anko," nikasema, "Kukhu anakaa."

Mjomba alitazama sahani yangu, akamtazama mama yake. Kisha akaomba paja.

Kukhu alikaa miaka miwili zaidi. Mourine alimaliza shule, ndipo Kukhu akatuaga, akarudi Nambale. Nilimpenda kuliko ninavyoweza kueleza, lakini firigisi sikuipenda hata siku moja. Niliila kila kuku alipochinjwa, nzima, yeye akiwa ameketi mbele yangu mpaka nimeze.